Banda la Uani: Hesabu za Familia Inayojijengea

Ukitoka Mbagala kwenda Chamazi na Mbande, au ukivuka Kibamba kuelekea Kibaha, viwanja vingi vina sura moja. Mbele kuna msingi wa nyumba kubwa, vyumba vitatu na sebule, majani yameota katikati yake. Nyuma, karibu kabisa na mpaka wa jirani, kuna kijumba cha vyumba viwili kilichoezekwa bati. Dirisha moja lina nondo, jingine limezibwa kwa mbao, na jiko la mkaa liko mlangoni. Hilo ndilo banda la uani. Zamani lilijengwa mwisho, kwa ajili ya jiko, stoo au wapangaji. Siku hizi linajengwa kwanza, na familia nzima inahamia humo kabla hata lipu haijapigwa.

Sababu anaijua kila mpangaji wa Dar es Salaam. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, kwa hiyo mara moja au mbili kwa mwaka mtu anajikuta ameshika fedha za kutosha kununua lori la mchanga na mifuko ya saruji, na lazima aamue ampe mwenye nyumba au amwite fundi. Mikopo ya nyumba ipo, lakini benki inataka hati miliki na mshahara unaopitia kwenye akaunti, na mama lishe au dereva bodaboda hana kimojawapo. Benki ya Nyumba, iliyoundwa na serikali mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wa namna hiyo, ilikufa katikati ya miaka ya 1990. Baada ya hapo mtu wa kipato cha chini amebaki na ndugu zake, kibubu chake na kikoba cha mtaani.

Basi familia inajijengea. Kinachosemwa sana ni kwamba wakijenga wenyewe, gharama inashuka nusu. Nadhani imani hiyo haina mguu wa kusimamia kwa sehemu kubwa, na pale inapokuwa kweli, watu huwa hawapaangalii.

Tuchukue banda la kawaida: vyumba viwili vya mita 3 kwa 3 vilivyoshikana, kuta za tofali za inchi sita, paa linaloangukia upande mmoja. Kuta za nje na ule wa kati zikijumlishwa zina urefu wa mita 22 hivi. Ukizipandisha hadi mita 2.8 kisha ukatoa nafasi za milango na madirisha, unabaki na ukuta wa mita za mraba 55, na kila mita ya mraba inakula tofali 10 ukihesabu na zitakazovunjika. Hizo ni tofali 550. Ongeza 200 za kulaza msingini, unafika 750. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukifyatuliwa kwa uaminifu unatoa tofali 30 hivi. Mfyatuaji mwenye tamaa anatoa 40 na kuzidi, na tofali zake utazijua kwa kuzikwaruza na ukucha. Kwa tofali za uaminifu ni mifuko 25, na hapo hujagusa saruji ya kujengea, ya jamvi, ya linta wala ya lipu. Paa nalo linataka bati kama 20, mbao na misumari. Kisha kuna nondo, milango, choo na shimo lake.

Katika orodha hiyo yote, mikono ya ndugu inaweza kuchukua nafasi ya nini? Saruji lazima inunuliwe, na bati vilevile. Kinachobaki ni ufundi, ambao mafundi wenyewe huukadiria kuwa theluthi ya gharama ya vifaa au chini yake. Na ndani ya ufundi huo, familia isiyo na fundi inaweza kuchukua kazi ya saidia fundi tu: kubeba, kuchota, kuchanganya, kupokeza. Huyo ndiye mtu anayelipwa kidogo kuliko wote kwenye saiti. Kwa hiyo familia inaokoa sehemu ndogo ya sehemu ndogo, na inailipia kwa Jumamosi na Jumapili za miezi mingi.

Iringa, Mbeya na sehemu nyingi za nyanda za juu hesabu ni nyingine, kwa sababu kule vifaa vyenyewe vinatoka ardhini. Mvua zikiisha, familia inachimba udongo, inaukanyaga, inafyatua tofali kwa kibao, inazianika, kisha inazipanga tanuri na kuzichoma kwa kuni siku kadhaa usiku na mchana. Hapo nguvu za watu zimegeuka ukuta bila kupita dukani. Gharama imehamia kwenye miti, na vilima vingi vinaonyesha. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, wenye makao yake Dar es Salaam, umehimiza kwa miaka mingi tofali za kufungamana: udongo unaofaa, saruji kidogo, mashine ya mkono ya kushindilia, hakuna kuchoma, na kwa kuwa zinashikana zenyewe zinapunguza sana saruji ya kujengea. Kwa familia yenye watu na isiyo na fedha, sioni njia bora kuliko hiyo. Ajabu ni kwamba mjini wengi hawaitaki. Wanasema inafanana na nyumba ya mradi, na mtu anayetoka kwenye upangaji anataka jirani aone tofali za saruji.

Nimesema kuna mahali ambapo nguvu za familia zina thamani kubwa isiyoonekana. Mahali penyewe ni kwenye maji.

Tofali ya saruji ikishafyatuliwa, ugumu wake hautokani na kukauka. Saruji inakomaa kwa kushika maji, na katika wiki ya kwanza inahitaji kubaki na unyevu muda wote. Tofali iliyoachwa juani Kibaha mwezi wa kwanza inapoteza maji kabla saruji haijamaliza kazi yake. Kwa macho imekauka vizuri, ila ukiidondosha inamwagika kama mkate mkavu. Mfyatuaji amelipwa kwa idadi na ameshaondoka. Fundi wa kujenga hajafika. Kumwagilia hakumo kwenye makubaliano ya yeyote. Ndipo unawaona watoto, sare za shule wamezivua nusu, wanapokezana ndoo kutoka kisima cha jirani, wanamwaga asubuhi kabla ya shule na jioni wakirudi. Mama mtu amezifunika kwa viroba vilivyochanwa na majani ya mgomba ili zisinyonywe na jua. Kazi hiyo ina faida kuliko yote watakayofanya pale, na ni vigumu kumlipa mtu wa nje aifanye sawasawa, maana haina ujuzi ndani yake. Ina uvumilivu tu. Ni hivyohivyo kwa jamvi, linta na lipu.

Kazi ya pili ya namna hiyo ni kulinda vifaa. Mazungumzo haya yanarudiwa kila siku mahali fulani:

“Mama, saruji imekata. Tuongezewe miwili.”

“Fundi, jana si ulisema minne inamaliza kozi zote?”

“Mchanga ule ulikuwa mchafu, mama yangu. Umekula saruji.”

Huenda ni kweli, mchanga wenye udongo mwingi unaharibu mchanganyo. Huenda pia mfuko mmoja umelala kwa jirani. Mama aliyeshinda pale tangu asubuhi, akihesabu viroba vitupu, anajua jibu. Bwana mwenye nyumba anayepita jioni baada ya kazi hajui. Mtu anayejenga kwa kutuma fedha kutoka Muscat au Minnesota ndiye anayejua kidogo kuliko wote, hata akitumiwa picha kila wiki. Picha inaonyesha ukuta umepanda. Haionyeshi kiasi cha saruji kilichomo.

Ziko kazi ambazo familia ikijitia kuzifanya inajiumiza. Kona za msingi ni mojawapo. Fundi anavuta kamba, anapima mita 3 upande huu na mita 4 upande ule, kisha anahakikisha mshazari unasoma 5 kamili. Usiposoma 5, anavuta kamba upya bila kubishana. Kona iliyokosewa pale haionekani miezi yote ya kupandisha ukuta. Inaonekana siku ya kuezeka, bati za mwanzo zinapozidi ukuta na za mwisho zinapoupungukia. Linta ni nyingine: nondo zikiwekwa vibaya au zege likimwagwa kwa mafungu siku mbili tofauti, nyufa zitaanzia juu ya mlango. Timazi na pima maji ni vifaa vya bei ndogo, lakini jicho la kuvisoma halinunuliwi. Kwa maoni yangu familia yenye akili inamlipa fundi mzuri kwa siku chache ngumu, na inajiachia zile nyingi nyepesi. Wengi hufanya kinyume: wanamtafuta fundi wa bei poa kwa kazi zote, halafu wao wenyewe wanakuja kuangalia.

Faida kubwa ya banda, basi, haimo kwenye ufundi uliookolewa. Imo kwenye tarehe ya kuhamia. Kila mwezi ambao familia imelala kwenye banda lisilo na dari ni mwezi ambao kodi imebaki mfukoni, na kodi hiyo ndiyo itakayonunua madirisha. Ndiyo maana watu wanahamia mapema kiasi cha kushangaza wageni: pazia badala ya mlango wa chumbani, turubai dirishani, umeme wa kuomba kwa jirani. Udogo wa banda una kazi yake hapo, kwa kuwa nyumba ya vyumba vitatu ingechukua miaka kufikia hatua ya kulalika. Sensa ya 2022 ilikuta kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Kwa mita za mraba 18 za banda letu, kila mmoja anapata kama 4. Hakuna anayedai kuwa panatosha.

Marekani nako familia zinajijengea vijumba, na vimekuwa harakati yenye vitabu na vipindi vya televisheni. Wastani wa nyumba mpya ya familia moja kule ulikuwa mita za mraba 154 hivi mwaka 1973. Kufikia 2015 ulikaribia 250. Katikati ya unene huo, mwaka 1999, Jay Shafer alijijengea kijumba cha mita za mraba 9 hivi juu ya tela, akaanza kuwauzia wengine michoro. Baada ya msukosuko wa mikopo ya nyumba wa 2008, wazo hilo lilipata wateja. Kanuni za ujenzi za 2018 ziliweka kiambatisho maalumu cha nyumba ndogo, zikihesabu kuwa ndogo ile isiyozidi futi za mraba 400, yaani mita 37. Kwa kipimo hicho, mabanda mawili ya Chamazi yanaingia katika nyumba moja “ndogo” na chenji inabaki.

Kilichonivutia ni hayo magurudumu. Tela halikuchaguliwa kwa mapenzi ya safari. Miji mingi ya Marekani ilikuwa na kanuni zinazokataza nyumba iliyo chini ya ukubwa fulani, na kijumba kilicho juu ya magurudumu kinahesabiwa kama chombo cha barabarani, kwa hiyo kinazikwepa. Upana wake, mita 2.6 hivi, umepangwa na sheria za barabara. Lakini kikishajengwa kinaegeshwa wapi? Mara nyingi uani kwa mtu. Tatizo la kiwanja lilibaki palepale. Hata mzee wao wa mambo haya, Henry David Thoreau, aliyejijengea kibanda cha futi 10 kwa 15 kando ya bwawa la Walden mwaka 1845 na kuandika gharama yake kuwa dola 28 na senti 12 na nusu, alijenga kwenye ardhi ya rafiki yake Ralph Waldo Emerson. Mbao zake alizipata kwa kununua kibanda cha kibarua wa reli na kukibomoa. Ukipewa kiwanja bure, hesabu za kujenga huwa tamu. Na tangu 2017 California imelegeza sheria ili wenye nyumba wajenge vijumba vya pili kwenye viwanja vyao, kwa ajili ya wazazi, watoto waliokua au wapangaji. Kwa maneno mengine, jimbo tajiri kuliko yote limefika kwenye banda la uani kwa njia ndefu.

Kiwanja ndicho kinachoamua, na hapa kwetu tumekilipia kwa machozi. Bonde la Msimbazi mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, kisha Kimara mwaka 2017 barabara ya Morogoro ilipopanuliwa: alama ya X nyekundu ukutani, halafu tingatinga. Kuta zilizomwagiliwa na watoto miaka mingi zilianguka asubuhi moja. Kabla ya kununua tofali hata moja, ramani ya halmashauri ina thamani kuliko fundi yeyote.

Serikali zimewahi kujaribu kugawana kazi na familia. Katika miaka ya 1970, kwa fedha za Benki ya Dunia, Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa viwanja, barabara zikachorwa, maji yakavutwa, na watu wakaachiwa wajenge. Nairobi ikafanya hivyo Dandora kuanzia 1975, viwanja karibu 6,000, vingi vikiwa na choo na bafu tayari. Walengwa walikuwa maskini, na maskini wengi waliuza au hawakufika kabisa. Dandora ikaota maghorofa ya vyumba vya kupangisha. Wengi wanaihesabu kuwa ni kushindwa. Sikubaliani nao moja kwa moja. Barabara za Sinza zimenyooka hadi leo, na gari la maji taka linafika. Kilichokosekana ni hatua ya kati, kati ya kiwanja kitupu na nyumba kamili. Chile ilikuja kuijaribu baadaye: mjini Iquique, mwanzoni mwa miaka ya 2000, msanifu Alejandro Aravena na wenzake walijenga nusu ya nyumba kwa familia karibu 100, kwa ruzuku ya dola 7,500 kwa kila moja, kiwanja ndani yake. Nusu waliyoichagua ni ile ngumu: nguzo, paa, jiko, bafu, ngazi. Nusu nyepesi, kuta za kuziba nafasi iliyoachwa, waliachiwa wenye nyumba, na wakaziba kwa kasi yao. Ni ugawaji uleule wa fundi na ndoo ya maji, ila umefanywa na serikali.

Sijagusa bado jambo linalovunja familia nyingi kuliko nyufa: nani anahesabiwa kuwa amejenga.

Nyumba ya miti na udongo ilikuwa na kazi ya kila mtu, na kazi hiyo ilijulikana. Wanaume walikata nguzo na fito, wanawake walichota maji, kukandika kulifanywa na wote pamoja na majirani, na walioitwa walikula kwa mwenye nyumba. Kwa Wamasai mpaka leo nyumba inajengwa na mwanamke. Saruji ilipoingia, nyumba ikawa ya fedha na ya fundi, na fundi ni mwanaume. Kazi ya wanawake haikupungua: maji ni yaleyale, chakula cha mafundi ni kilekile, na ulinzi wa viroba umeongezeka. Isipokuwa sasa hakuna anayeiita ujenzi. Ukimuuliza mtu nani amejenga, atataja jina la aliyenunua saruji, na jina hilohilo ndilo lililo kwenye karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa.

Sheria imewahi kwenda mbele kuliko mtaa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, ingawa rufaa hiyo haikumnufaisha mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 161, ikaenda mbali zaidi: ardhi ikiwa kwa jina la mwenzi mmoja, na mwingine akachangia kwa nguvu zake kuitunza na kuiendeleza, anahesabiwa kuwa amepata haki ndani yake kwa sababu ya kazi hiyo. Kenya ina Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013, inayotambua mchango usio wa fedha, lakini Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2023 kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe. Kila mtu athibitishe alichochangia.

Kuthibitisha ndiko kwenye tabu. Risiti za saruji zina jina, ndoo za maji hazina. Wanawake wengine wameshaelewa na wana daftari: tarehe, mifuko, nani aliletwa, alilipwa nini, kutoka mfuko wa nani. Wengine wanasisitiza karatasi ya mauziano iandikwe majina mawili tangu siku ya kununua, wakati bwana bado ana furaha ya kiwanja na mjumbe yupo kama shahidi. Hiyo ndiyo saa nyepesi ya kuomba; banda likishaezekwa ombi hilohilo linasikika kama shutuma.

Kwa mume na mke angalau kifungu kipo. Kwa wengine hakuna kinacholingana nacho. Mdogo wake mtu aliyekaa mwaka mzima akilinda saiti na kuchanganya zege kwa chakula tu, shangazi aliyeuza mbuzi bati zikanunuliwa, kijana aliyejenga banda lake ndani ya kiwanja cha baba kwa ruhusa ya mdomo: hao wote watakutana kwenye kikao cha mirathi, na baraza litawauliza karatasi.